Mama aliambiwa peke yake: kisa cha mtoto wa Tanga na saratani ya jicho

Mtoto alikuwa wa kike, umri miezi 28, wazazi wake wakiishi Makorora, jijini Tanga. Aliyeona mambo kwanza ni mama yake: jioni, taa ikiwashwa, mboni ya jicho la kushoto ilikuwa inang'aa weupe, la kulia haliko hivyo. Akawaonyesha majirani. Mmoja akasema ni mtoto wa jicho, mwingine akasema ni macho mekundu yanaanza. Duka la dawa likampa matone. Shoga yake akamshauri amkamulie maziwa ya kifua jichoni, maana alikuwa na mwingine mchanga wa miezi minne, akamkamulia. Mwezi ukaisha, jicho likaanza kwenda kengeza. Ndipo alipombeba mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akaenda hospitali.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Familia hii nilikutana nayo ilipokuwa imeshakataa matibabu, na kwa desturi ya kazi zetu hapo ndipo tunapoitwa. Mambo kadhaa nimeyabadili wasitambulike, na zile hospitali mbili za huku zilizompokea sizitaji. Ninachotaka kukieleza ni namna habari ilivyotolewa mara mbili kwa familia ileile, na kwa nini mara ya kwanza ilikwama.

Daktari wa kwanza kitabibu alikuwa sahihi kabisa. Alimulika jicho, akashuku saratani siku hiyohiyo, akaandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam bila kumzungusha mama na dawa za majaribio. Wapo watoto wengi ambao hawakupata bahati hiyo. Lakini habari yenyewe aliitoa amesimama mlangoni, karatasi ya rufaa mkononi, wagonjwa wengine wamekaa kwenye benchi wanasikia. Kwa maelezo ya mama, alisema: "Mama, hii ni kansa ya jicho. Itabidi jicho litolewe. Nenda Muhimbili, usichelewe." Mama akajibu, "Sawa, dokta." Kwenye faili ikaandikwa: "Mzazi ameelezwa, ameelewa."

Baadaye nilimuuliza alisikia nini siku ile. Akaniambia: "Nilisikia kansa. Halafu nikasikia kutoa jicho. Yaliyofuata siyajui, na huyu mdogo alikuwa analia." Haya wanaofanya kazi wodini wanayajua. Mtu akishasikia neno zito, yanayofuata humpita. Na mama zetu huku pwani hawabishani na daktari ana kwa ana. Wataitikia kwa heshima zote, wakabishe nyumbani.

Nyumbani ndiko kesi ilikoamuliwa. Mume ni konda wa basi la Lushoto, siku nyingine hulala hukohuko. Mkewe alimpigia simu basi likiwa njiani, injini inanguruma, abiria wanadai chenji. Akamwambia jicho la mtoto linang'olewa. Mume akauliza nani kasema, kisha akaamuru, "Usiende popote mpaka nirudi." Kesho yake bibi mzaa baba akaja kutoka Pongwe, na baba mkubwa akaitwa. Kikao kikakaa, na maswali yote yakamwangukia yule mama.

Na yalikuwa maswali ya watu wenye akili. Mtoto anakula, anacheza, hana homa. Kansa gani hiyo? Wamempima nini, mbona hata damu hawakuchukua? Jicho zima litolewe kwa weupe tu? Likishatolewa linapelekwa wapi? Na ugonjwa huu umetoka wapi, maana upande wetu hatujausikia. Yeye alikuwa na sentensi tatu tu alizopewa mlangoni, na mojawapo hakuisikia vizuri.

Kisa chote naliona tatizo lake hapa. Daktari aliamini amempa mzazi taarifa. Kwa kweli alikuwa amemtwika mama wa miaka ishirini na kitu kazi ya kuitoa taarifa hiyo yeye mwenyewe, kwa watu wazito kuliko yeye, tena pasipo picha wala majibu. Na kwa kuwa ndiye aliyeileta, lawama nazo zikawa zake. Mama mkwe alimuuliza mbele za watu kama wakati wa ujauzito alikuwa anakunywa dawa gani. Alipokuwa ananisimulia hilo sauti ilikuwa inakatika, na sikumlazimisha amalizie.

Kikao kikaamua jicho haling'olewi. Mtoto akaandikiwa kombe, akapelekwa kwa mtaalamu mmoja wa dawa za kienyeji upande wa Muheza, akapewa dawa ya kuoshea. Zilipita wiki tano. Sitaki msomaji awafikirie vibaya watu hawa. Walikuwa wanatumia fedha zao, wanakesha na mtoto wao, wanamwombea. Walikuwa wanamtibu kwa ugonjwa waliouelewa, kwa sababu ule mwingine hakuna aliyewaeleza.

Wiki tano kwa ugonjwa huu ni nyingi. Saratani hii, iitwayo retinoblastoma, huota kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Ikiwa bado ndani ya jicho, uwezekano wa kupona ni mkubwa mno. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 95 katika kila 100 hupona. Ikiachwa, huufuata mshipa wa fahamu wa jicho kuelekea kwenye ubongo, au hutoka nje kupitia kuta za jicho, na hapo mazungumzo hubadilika kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya watoto zaidi ya 4,300 kutoka nchi 153, ulionyesha kuwa katika nchi tajiri nusu ya watoto walikuwa wameshagunduliwa wakifika miezi 14 hivi, na katika nchi maskini umri huo ulikuwa miezi 30. Katika nchi hizo maskini karibu nusu ya watoto walifika saratani ikiwa imeshatoka nje ya jicho. Tunapenda kusema ni umbali na umaskini, na ni kweli. Lakini mtoto huyu alikuwa amefika hospitali mapema kuliko wengi, rufaa ilikuwa imeshaandikwa, na matibabu ya saratani kwa watoto pale Muhimbili hayalipishwi, yakisaidiwa na shirika la Tumaini la Maisha. Kilichomrudisha nyumbani ni mazungumzo ya dakika chache mlangoni.

Jicho likaja kuvimba, likawa jekundu, mtoto halali usiku. Mhudumu wa afya wa mtaa akatupa taarifa, nikaenda nyumbani, na mama akakubali kumleta tena, safari hii hospitali nyingine. Huko akampokea daktari wa watoto, mwanamke wa makamo, akishirikiana na daktari wa macho. Ultrasaundi ilionyesha kivimbe ndani ya jicho chenye chembechembe za chokaa, dalili inayojulikana sana ya ugonjwa huu. Hakukuwa na dalili ya kutoka nje.

Mmoja wetu alipendekeza tuende moja kwa moja kwenye sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya matibabu na inamwajibisha mzazi, kwa hiyo hoja ilikuwa na mashiko. Mimi nilipinga, na bado ningepinga. Sheria ni ya kumwokoa mtoto ambaye wazazi wameelezwa vilivyo wakakataa. Hawa walikuwa hawajaelezwa. Tena mtoto huyu alihitaji kurudi kliniki kwa miaka, na huwezi kuipeleka familia polisi leo ukategemea kesho wakuletee mtoto kwa hiari.

Daktari alianza kwa kukaa na mama peke yake. Swali lake la kwanza sikuwahi kulisikia likiulizwa wodini: "Kwenu jambo kama hili anaamua nani?" Mama akasema, "Baba yake. Lakini mama mkwe asiporidhika, haliendi." Akamuuliza tena: ungependa nani awepo tukizungumza, na nani asiwepo? Mama akawataja mume, bibi na baba mkubwa. Kikapangwa kikao siku ambayo basi la mume haliendi safari.

Ninajua wanafunzi wa udaktari hufundishwa mpangilio wa hatua sita wa kutoa habari mbaya, ule uitwao SPIKES, ambao Walter Baile na wenzake waliuchapisha mwaka 2000. Hatua yake ya kwanza ni maandalizi: faragha, kukaa chini, na kuwaita watu wa karibu wa mgonjwa. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo tunayoiruka, tukakimbilia kwenye kutamka ugonjwa. Huku kwetu, ukishawapata watu wanaostahili kuwamo chumbani, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Chumba kilikuwa cha kawaida, meza ikasogezwa pembeni ili isiwe katikati ya watu. Muuguzi alikaa karibu na mama. Daktari akaingia, akamwamkia bibi kwanza. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Akawaamkia wengine, akakaa, akazima simu mbele yao. Kisha akasema: "Kabla sijasema la kwangu, naomba nisikie ninyi mmeambiwa nini mpaka leo, na wenyewe mnaonaje."

Baba mkubwa alisema wameambiwa kansa, ila yeye anavyojua kansa ni ya watu wazima. Baba akasema, "Mimi nimeambiwa jicho linang'olewa, basi." Bibi akakaa kimya kidogo, halafu akasema bila kumung'unya: "Mimi nimesikia macho ya watoto yanauzwa huko." Hakuna aliyecheka. Daktari akamjibu, "Ahsante bibi kwa kulisema wazi. Nitakujibu, wala sitakwepa."

Akawaambia habari aliyonayo ni nzito, ataisema polepole, na wamkatize wasipoelewa. "Mtoto ana saratani ndani ya jicho la kushoto." Akanyamaza. Bibi akasema, "La haula." Mama akalia, muuguzi akamshika bega. Baba aliinama akiangalia viatu vyake. Ukimya ule ulikuwa mrefu, na nilijikuta natamani mtu aseme chochote, lakini daktari aliuacha mpaka baba alipoinua kichwa mwenyewe na kuuliza, "Mmejuaje? Mbona hamjamkata kipande mkapime?"

Swali hilo ni zuri, na watu wa afya tulitegemee kila mara, kwa sababu kila mwananchi anajua kansa hupimwa kwa kukata nyama. Daktari alieleza kuwa hii ni tofauti: jicho likichomwa sindano kuchukua kipande, saratani inaweza kumwagika nje ya jicho na kusambaa, kwa hiyo hairuhusiwi. Inatambulika kwa kuiangalia na kwa picha. "Sasa na wewe, baba, njoo uangalie."

Taa zikazimwa, pazia likashushwa. Mama alimpakata mtoto. Daktari akampa baba kile kifaa kidogo cha kuangalizia jicho, akamwonyesha pa kuweka jicho lake na jinsi ya kumulika akiwa umbali wa mkono. Kwanza la kulia. Jicho zima likimulikwa hivyo hurudisha wekundu wa kaa la moto, na baba aliuona, akatikisa kichwa kukubali. Kisha la kushoto. Weupe mtupu. Akarudia la kulia, akarudia la kushoto. Akampa kaka yake kifaa, naye akaangalia. Bibi alikataa kuangalia, akasema, "Mwanangu ameona, inatosha."

Daktari akaendelea na jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoigeuza familia. Akaomba mama azibe kwa kiganja jicho la kushoto, lile gonjwa. Mtoto akaendelea kuchezea kifuniko cha chupa bila kujali. Akaomba azibe la kulia. Mtoto akaguta, akausukuma mkono wa mama, kifuniko kikaanguka na hakukitafuta. "Jicho la kushoto halioni," daktari akasema. "Limeshaacha kuona. Uoni wa jicho hili ugonjwa umekwisha kuuchukua, sisi tunataka usiuchukue uhai wake."

Kwa wiki zote hizo, pale Makorora walikuwa wanaamini madaktari wanataka kung'oa jicho linaloona. Hakuna aliyewaambia vinginevyo, na daktari wa kwanza pengine hakufikiri kama ni jambo la kuambiwa, kwake lilikuwa wazi. Ukiniuliza nichague sentensi moja ya kumwambia mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa huu aliyefikia hatua hii, nitachagua hiyo, na nitaiweka kabla ya neno upasuaji.

Swali la bibi halikusahauliwa. Alielezwa kuwa jicho likitolewa linakwenda maabara, ndiko wanakoangalia kama saratani imegusa mshipa wa nyuma, na majibu hayo ndiyo yanayosema kama mtoto atahitaji dripu za dawa za saratani au la. Akaelezwa habari ya jicho la bandia, kwamba huwekwa kidonda kikishapona, na hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Bibi alisikiliza yote, halafu akauliza lililokuwa moyoni: "Na akifa? Si bora afe na viungo vyake kamili?"

Sijui ningemjibu nini. Daktari hakubishana na hofu ya bibi wala hakumtuliza kwa maneno matamu. Alisema, "Bibi, siwezi kukuahidi kwamba atapona, hilo liko kwa Mungu na nitakuwa muongo. Ninachokijua ni kwamba jicho likibaki, ugonjwa huu unatoka nje, na ukitoka nje sitakuwa na la maana la kumfanyia zaidi ya kumtuliza maumivu. Leo ninalo." Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Na jambo jingine. Hakuna aliyesababisha hili. Si dawa aliyokunywa mama, si maziwa aliyomkamulia, si kitu alichokula. Mama huyu ndiye aliyeuona ugonjwa wakati sisi wengine tungesema ni mafua." Baba mkubwa alimgeukia shemeji yake. Bibi hakusema kitu, ila wakati wa kuondoka ndiye aliyembeba mdogo.

Waliomba kumsomea mtoto dua kabla ya safari. Daktari akasema dua isomwe leo jioni, na basi la Dar ni Jumatatu alfajiri. Nimeona wahudumu wakigeuza jambo kama hili kuwa mashindano kati ya hospitali na dini, na mtoto ndiye hushindwa. Hapa iliwekwa tarehe tu. Mimi nikashughulikia nauli na barua, na kumweleza baba kwamba mzazi anayemuuguza mtoto kule hupata pa kulala.

Jicho lilitolewa. Maabara ilionyesha saratani ilikuwa imeanza kuingia kwenye mshipa lakini haikufika pale ulipokatiwa, kwa hiyo mtoto akahitaji dripu za dawa. Nywele zikatoka, zikarudi. Hadi ninapoandika hana dalili ya ugonjwa, anahudhuria kliniki, na amewekewa jicho la bandia ambalo bibi yake ndiye aliyejifunza kulisafisha. Kama zile wiki tano ndizo zilizoupeleka ugonjwa kwenye mshipa, hakuna atakayeweza kusema. Ila dripu zile alizipata kwa sababu mshipa ulikuwa umeguswa.

Wenzangu niliowaeleza kisa hiki wana pingamizi mbili. Ya kwanza ni muda: kliniki ina foleni mpaka getini, nani atakaa na ukoo mzima? Kikao kile hakikuzidi saa moja. Yale mazungumzo ya kwanza yalikuwa mafupi, na baada yake zikaja simu, safari za mhudumu wa mtaa, vikao vyetu na wiki tano za mtoto. Na si lazima kila habari iwe ya saa moja. Kama hakuna nafasi leo, mzazi anaweza kuambiwa leo kwamba kuna jambo la kuzungumza, aje kesho na mwenziwe, au mume awekwe kwenye simu kwa sauti ya wazi, amsikie daktari mwenyewe.

Ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu: siri ya mgonjwa. Si kila mama anataka mama mkwe asikie, na zipo nyumba ambazo kikao cha ukoo kitamwumiza. Ndiyo maana yule daktari alianza na mama peke yake na kumuuliza awepo nani. Angesema hataki mtu, kikao kisingeitwa.

Na kulikuwa na jambo ambalo halikusemwa kikaoni. Watoto wengi wenye ugonjwa huu kwenye jicho moja hawakuurithi kwa baba wala mama, lakini baadhi hubeba hitilafu ya vinasaba inayoweza kuwagusa ndugu zao, kwa hiyo yule mchanga alitakiwa aangaliwe macho, na arudi kuangaliwa tena. Hilo daktari aliwaambia baba na mama wawili tu, wengine wakiwa wameshatoka nje, na akawaachia wao waamue watamweleza nani. Mchanga aliangaliwa wiki hiyohiyo. Macho yake yote mawili yalikuwa mazima, na amepangiwa kurudi.